Nani Atawajibika kwa Neno? Jinsia, Mafumbo na Usemi wa Wazi katika Mazungumzo ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhusiano kati ya jinsia na matumizi ya lugha katika mazungumzo ya Kiswahili, hususan katika upwa wa Kenya na Tanzania. Dai linalorudiwa mara kwa mara darasani na katika tasnifu ni kwamba wanawake husema kwa mafumbo ilhali wanaume husema wazi. Kwa kupitia upya baadhi ya tafiti zilizochapishwa kuhusu kanga, lelemama, taarabu na mahakama za kadhi, pamoja na mifano michache ya matumizi ya kila siku, makala yanaonesha kwamba dai hilo halisimami linapopimwa kwa muktadha. Mafumbo hutumiwa na jinsia zote, na wanawake husema wazi, tena hadharani, katika mazingira maalumu. Kinachoamua kiwango cha uwazi ni uwajibikaji wa kauli: ni nani atakayeulizwa juu ya neno lililosemwa, na mbele ya nani.

Istilahi za msingi: jinsia, mazungumzo, mafumbo, kusuta, uwajibikaji wa kauli

1.0 Utangulizi

Anayesema *amekuja* hajasema kama aliyekuja ni mwanamke au mwanamume. Kiswahili hakibagui jinsi katika viambishi vya nafsi, wala katika kiwakilishi *yeye*, wala katika upatanisho wa ngeli ya kwanza, ambayo humweka kadhi, mgeni na mchawi katika kundi moja na simba. Msikilizaji anaweza kufuatilia kisa kirefu cha jirani aliyehama usiku na asijue jinsi ya jirani huyo mpaka pale litakapotajwa jina, vazi au kazi.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi, wakishasoma kazi za mwanzo za uwanja huu zilizojikita katika Kiingereza, huhitimisha upesi kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na upendeleo wa kijinsia. Hitimisho hilo ni sahihi kimofolojia, lakini linatuambia machache mno kuhusu mazungumzo. Upande wa pili wako wanaoruka kutoka sarufi hadi silika na kudai kwamba mwanamke wa Kiswahili, kwa malezi au kwa maumbile, ni mtu wa kuzunguka maneno. Nimesoma tasnifu kadhaa za uzamili zilizojengwa juu ya dai hilo. Kwa kawaida hojaji huwauliza watu wenyewe iwapo wanawake hutumia mafumbo kuliko wanaume, wahojiwa hujibu ndiyo, na asilimia ya majibu hayo huwasilishwa kama ushahidi wa namna watu wanavyozungumza. Kinachopimwa hapo ni imani ya watu kuhusu usemi. Imani hiyo yafaa kuchunguzwa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya usemi wenyewe.

Katika makala haya neno *jinsi* linatumika kwa maumbile ya kike na ya kiume, na *jinsia* kwa majukumu, matarajio na hadhi ambazo jamii huyafungamanisha na maumbile hayo. Tofauti hiyo ni muhimu kwa hoja inayofuata, kwa kuwa mengi yanayodaiwa kuwa ya jinsi hugeuka kuwa ya hadhi, ya umri au ya mahali mara tu tunapobadilisha muktadha wa mazungumzo.

2.0 Jinsia ndani ya sarufi isiyotaja jinsia

Mfano maarufu zaidi ni kitenzi *-oa*. Juma *ameoa*, Asha *ameolewa*. Tendo ni moja, sherehe ni moja, na wahusika wote wawili wametoa ridhaa, lakini mmoja anapewa kauli ya kutenda na mwingine kauli ya kutendwa. Sentensi *Asha amemwoa Juma* haivunji kanuni yoyote ya unyambulishaji, ila msikilizaji ama atacheka ama atadai maelezo. Na mwanamume akisemwa kuwa *ameolewa* amekwisha kutukanwa: maana yake anaishi kwa mkewe, anakula cha mkewe, na kauli nyumbani ni ya mkewe. Kauli ya kutendana, *wameoana*, huwaweka wawili hao sawa na inatumika pote, lakini haiwezi kumhusu mmoja wao peke yake. Mtu akitaka kusema habari za Asha tu, anarudi kwenye *ameolewa*.

Uvunjaji wa ndoa nao una msamiati wake. Mume *huacha*, mke *huachwa*. Mke anayetaka kutoka *hudai* talaka, na Unguja anaweza *kununua* talaka kwa kumrudishia mume mali. Kitenzi *kuacha* hakikatazwi kumhusu mwanamke. Mtu anaweza kusema *kamwacha mumewe*. Hata hivyo anayelisikia neno hilo huelewa kwamba mwanamke huyo ameondoka nyumbani, na huenda akauliza kama talaka imekwisha kutolewa. Kwa mwanamume swali hilo halizuki, kwa sababu neno lake ndilo talaka yenyewe. Hapa tunaona jambo litakalorudi mbele ya kadhi: kitenzi hicho hicho, kikitamkwa kuhusu mume au kuhusu mke, hakina nguvu sawa.

Istilahi za kuitana zinasema zaidi kuliko viambishi. *Shikamoo* hupanga watu kwa umri kabla ya jambo lingine lolote: bibi kizee asiye na cheo huamkiwa na waziri, na waziri asipomwamkia, wasio na cheo watamsema. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania ilikuwa na neno *ndugu*, lililomfaa mwenyekiti na mfagizi, mwanamke na mwanamume. Neno hilo lilipopoteza nguvu nje ya mikutano ya chama, *mheshimiwa* lilishika nafasi yake katika shughuli rasmi, nalo pia halitaji jinsia. Lakini ukisikiliza maongezi ya ofisini, mwanamke mwenye cheo huitwa *Mama* na mwanamume mwenye cheo huitwa *Mzee*. Mwanamume anapewa heshima ya umri hata kama ni kijana. Mwanamke anapewa heshima ya uzazi hata kama hajazaa.

*Shoga* nalo lina historia inayostahili makala yake. Upwani ni neno la mwanamke kumwita mwanamke mwenzake, na humwalika msikilizaji katika usiri: *shoga, nikwambie*. Katika maeneo mengine ya Tanzania na Kenya neno hilo linafahamika zaidi kwa maana ya mwanamume mwenye mahusiano ya kimapenzi na wanaume. Mwanamke wa Tanga aliyehamia bara huweza kujikuta akilimeza neno alilolitumia tangu utotoni, na vijana wa mijini wameziba pengo kwa *shosti*.

Zaidi ya maneno ya kuitana, kuna majina ya aina za mazungumzo. Wanaume wakikaa barazani au kijiweni na kujadili nani kafilisika na nani kagombana na mkewe, wanasemwa kuwa wanapiga soga au wanazungumza. Wanawake wakijadili habari zile zile uani, jina la shughuli hubadilika na kuwa *umbea*. Mtafiti anayekwenda uwandani akiwa na neno hilo katika hojaji yake amekwisha kuamua matokeo.

3.0 Vipimo tulivyoviazima

Robin Lakoff (1975) alidai kwamba usemi wa wanawake wa Marekani huonesha wasiwasi: hujaa viulizi vya mwishoni mwa sentensi, maneno ya kupunguza makali na adabu iliyopitiliza. Zimmerman na West (1975) walipima ukatizaji. Katika mazungumzo 11 kati ya mwanamke na mwanamume waliorodhesha matukio 48 ya ukatizaji, na 46 kati ya hayo yalifanywa na wanaume. Takwimu hizi zimenukuliwa mara nyingi, na ni nadra anayezinukuu kutaja kuwa mazungumzo yenyewe yalikuwa 11 tu. O'Barr na Atkins (1980) waliochunguza usemi wa mashahidi katika mahakama za Marekani walikuta kwamba sifa alizozitaja Lakoff zilionekana pia kwa wanaume wenye hadhi ya chini, na zilipungua kwa wanawake wenye taaluma waliozoea mahakama. Wakapendekeza kwamba huo ni usemi wa wasio na mamlaka kuliko kuwa usemi wa wanawake.

Vipimo hivyo vikiletwa katika Kiswahili bila kurekebishwa hutoa majibu ya ajabu. Chukua viulizi vya mwishoni: *sivyo?*, *au siyo?*, *sawa?*, *tumeelewana?* Hutumiwa kwa wingi na mwalimu darasani, mhubiri, na mwanasiasa jukwaani anayeuliza *sivyo jamani?* akijua jibu litakalorudi. Anayeuliza ndiye mwenye kushika uwanja. Janet Holmes aliwahi kuonesha kwa Kiingereza kwamba viulizi vina dhima zaidi ya moja. Kwa Kiswahili hoja hiyo haihitaji hata takwimu, yatosha kuhudhuria mkutano mmoja wa hadhara. Kihisishi *eti* kinafanya kazi tofauti kabisa. Katika *eti atarudi kesho* mzungumzaji hana wasiwasi wowote: analirudisha neno kwa aliyelisema na kunawa mikono. Nitarejea kwenye kunawa mikono huku.

Ukatizaji ni mgumu zaidi kupima. Mfano ufuatao nimeutunga ili kuonesha muundo ambao kila msomaji ameusikia:

A: Basi nikafika pale
B: Enhe
A: nikamkuta kakaa
B: Kakaa?
A: Kakaa, shoga, na kanga yangu kajifunga!
B: Ala! Yako wewe?
A: Yangu mimi.

Anayehesabu ataandika kwamba B amemkatiza A mara tatu ndani ya sentensi mbili. Lakini B angenyamaza, A angesita na kuuliza kama anasikilizwa. Masimulizi ya Kiswahili yanadai mwitikiaji. Mtambaji hawezi kuanza hadithi mpaka *paukwa* yake ipate *pakawa*, na mazungumzo ya kawaida yamerithi sehemu ya desturi hiyo. Ili kutofautisha kuitikia na kupokonya zamu, mtafiti anahitaji kujua zamu imeishia mikononi mwa nani baada ya kauli hizo kugongana. Hapo juu imebaki kwa A mwanzo hadi mwisho.

4.0 Mafumbo ni ya nani?

Ushahidi unaotolewa zaidi kwa dai la mafumbo ya wanawake ni kanga. Kanga huvaliwa na wanawake, huuzwa kwa doti, na hubeba maandishi ambayo wanawake huyatumia kusemezana. Rose Marie Beck, aliyeitafiti kwa kina kama chombo cha mawasiliano, anasisitiza utata wake wa makusudi. Mwanamke akipita mbele ya mke mwenzake amejitanda kanga iliyoandikwa *Japo sipati tamaa sikati*, ujumbe umefika. Lakini akiulizwa atajibu kwamba kapenda rangi. Anayeuliza naye yumo hatarini, maana kulalamika ni kukiri kwamba maneno yamemkaa.

Goffman (1981) anatusaidia kulieleza jambo hili kwa kumgawa msemaji katika nafasi tatu: anayetamka, aliyetunga maneno, na mwenye dai linalobebwa na maneno hayo. Katika usemi tunaouita wa wazi, nafasi zote tatu hushikwa na mtu mmoja. Katika kanga zimetawanyika. Maneno yamechaguliwa na mfanyabiashara, yametamkwa na nguo, na mwenye dai anaweza kujitoa wakati wowote. Katika taarabu mtawanyiko ni mkubwa zaidi. Mashairi mengi yametungwa na wanaume na kuimbwa na wanawake, kisha msikilizaji akainuka na kumtunza mwimbaji pesa katika ubeti unaomfaa, akimwelekea hasimu wake kwa jicho au kwa mkono. Kelly Askew ameeleza kwa kirefu namna wanawake wa Tanga walivyotumia kutunza huko kuendesha ugomvi wao mbele ya umma. Kabla yake, Margaret Strobel (1979) alionesha namna vyama vya lelemama vya Mombasa vilivyoshindana kwa nyimbo zilizomlenga mtu bila kumtaja.

Mpaka hapo dai la mafumbo ya wanawake linaonekana kuwa na nguvu. Tatizo ni kwamba wanaume wa jamii hiyo hiyo wanafanya hivyo hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliendesha siasa za mji wake dhidi ya mahasimu wake kwa mashairi ya kufumba. Kujibizana kwa mashairi kuliendelea katika kurasa za magazeti ya karne ya 20, na walioshiriki kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume. Tofauti iko katika jina tunalolipa tendo: mwanamume anayefumba anaitwa mshairi au mwenye hekima, mwanamke anayefumba anaambiwa ana vijembe.

Ng'ambo ya maji, Madagascar, mgawanyo umegeuka. Elinor Keenan (1974), aliyefanya utafiti katika kijiji kimoja cha nyanda za juu, alikuta kwamba wanaume ndio waliosifiwa kwa usemi wa kuzunguka na kuepuka makabiliano, na hotuba rasmi za *kabary* zilikuwa mikononi mwao. Wanawake walikemea, walipatana bei sokoni na kumwambia mtu kosa lake ana kwa ana, na wanaume waliwaachia kazi hiyo makusudi. Mafumbo huko yalihesabiwa kuwa usemi bora, na usemi bora ulikuwa wa wanaume. Ukilinganisha sehemu hizi mbili, kiwango cha uwazi kinabadilika, jinsi inabadilika, lakini hukumu haibadiliki: namna yoyote ya kusema ikishahesabiwa kuwa ya wanawake, inathaminiwa kidogo.

Hapa panahitaji tahadhari kuhusu matini za kale pia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa takriban mwaka 1858, umetumiwa mara nyingi kuthibitisha unyamavu na upole wa mke wa Kiswahili. Lakini wosia hutolewa juu ya mambo yanayohofiwa kutotendwa. Unatuonesha kanuni jinsi mama mmoja wa tabaka fulani alivyomkabidhi bintiye, na hautuoneshi namna wanawake wa Siu na Lamu walivyokuwa wakizungumza. Kuusoma kama rekodi ya mazungumzo ni kosa lile lile la hojaji nililolitaja katika utangulizi.

5.0 Kusuta

Kama mafumbo yangekuwa silika ya wanawake, *kusuta* kusingekuwepo. Katika miji ya upwa wa Tanzania, mwanamke aliyesingiziwa jambo hukusanya wenzake, wakati mwingine na ngoma au matarumbeta, na kundi huenda hadi mlangoni kwa aliyesema. Hapo jina linatajwa, kauli inarudiwa kama ilivyosemwa, na anayesutwa anadaiwa alete ushahidi au anyamaze mbele ya mtaa mzima. Si rahisi kupata usemi wa wazi kuliko huo, na ni shughuli ambayo wanaume hawaifanyi. Mwanamume aliyesingiziwa humwendea msemaji kwa faragha, hutuma wazee, au hupigana.

Ni nini basi kinachomfanya mwanamke huyo huyo, aliyejitanda kanga Jumanne na kukana maana yake, asimame Jumamosi na kutaja jina? Jibu ninalolipendekeza ni mgawanyo wa uwajibikaji. Katika kusuta anayesema hayuko peke yake. Kundi linasema, nyimbo zinajulikana, na utaratibu unatambuliwa na mtaa kama haki ya aliyedhulumiwa. Aibu inamwangukia anayesutwa. Zaidi ya hayo, msutaji hatoi siri ya nyumba yake mwenyewe, bali analirudisha neno la mwingine kwa mwenyewe. Kimuundo ni *eti* iliyokuzwa: tamko ni la kundi, maneno ni ya anayesutwa, na dai la msutaji ni moja tu, kwamba yeye hakutenda.

Ninakiri kwamba mitaani kusuta hudharauliwa kama vurugu za wanawake wasio na kazi, na baadhi ya wanaisimu wameirithi dharau hiyo kwa kutoiandika. Tuna maandishi mengi kuhusu kanga na machache mno yanayonukuu majibizano ya kusuta neno kwa neno. Pengo hilo limechangia kuliimarisha dai la mafumbo, kwa kuwa kanga inaweza kununuliwa na kupelekwa nyumbani kwa mtafiti.

6.0 Mbele ya kadhi

Mahali ambapo suala hili lina gharama kubwa kuliko kote ni mahakamani. Mahakama za kadhi zinatambuliwa na Katiba ya Kenya ya 2010, na mamlaka yake yanahusu hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Susan Hirsch (1998) alichunguza mashauri ya ndoa katika mahakama za Mombasa na Malindi. Walioyaleta kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Taswira inayotawala nje ya mahakama ni ya mume anayetamka na mke anayevumilia, na ndiyo iliyokipa kitabu chake jina. Ndani ya mahakama mambo yaligeuka: wanawake ndio waliosimulia kwa kirefu, na masimulizi yao ndiyo yaliyobeba madai.

Ushindi huo una bei. Desturi inadai kwamba ya nyumbani yafichwe, na mke anayeyatoa nje amejivunjia heshima hata kama yote asemayo ni kweli. Mahakama nayo inadai ayaseme. Lazima ataje siku, kiasi, tusi alilotukanwa, na mambo ya chumbani. Hana kanga ya kumsemea wala kundi la kumsindikiza. Mtamkaji, mtunzi na mwenye dai ni yeye peke yake, jina lake likiwa juu ya jalada. Hirsch anaonesha kwamba kwa kusimulia hivyo wanawake walipata haki zao na, wakati huo huo, walionekana kuthibitisha ile picha ya mwanamke asiyeweza kuzuia ulimi. Mume aliyejibu kwa maneno mawili alibaki na staha yake hata aliposhindwa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mwanamke huanza kwa mafumbo hata mahali ambapo mafumbo yanaweza kumponza. Tuchukue mfano mwingine wa kutunga: *Tangu Ramadhani hanijui wala hanitazami.* Kwa msikilizaji wa upwani sentensi hiyo ina mashtaka mawili kamili. *Hanitazami* ni kwamba hatoi matumizi. *Hanijui* ni kwamba wamekoma kuwa mke na mume kitandani. Vyote viwili vina uzito katika sheria, na vyote vimesemwa bila kutaja chochote cha kuonea haya. Lakini msikilizaji asiyekulia katika Kiswahili hicho, au wakili aliyezoea lugha ya vifungu, husikia malalamiko ya mke aliyekosa kubembelezwa. Akimwambia *eleza wazi*, anamtaka avunje adabu ili aaminike, na akiivunja, uaminifu wake unaweza kupungua kwa sababu nyingine. Hapo ndipo matokeo ya O'Barr na Atkins yanapohitaji kuongezewa. Wao waliona usemi usio na mamlaka ukimpunguzia shahidi kuaminika. Katika mazingira tunayoyajadili, usemi wa wazi nao unaweza kumpunguzia, ikiwa msemaji ni mke na neno ni la nyumbani.

Anayeokoa hali, au kuiharibu, mara nyingi ni karani. Erin Stiles (2009), aliyefanya utafiti katika mahakama ya kadhi kaskazini mwa Unguja, anaeleza kazi kubwa inayofanywa na makarani katika kuyageuza masimulizi ya mdai kuwa hati ya *madai*. Mwanamke husimulia mezani kwa karani, karani huchuja na kuandika kwa msamiati unaotambuliwa na sheria, na shauri huanza na maandishi hayo. *Hanijui* huweza kuwa *hatimizi wajibu wake wa ndoa*. *Hanitazami* huweza kuwa *hatoi matunzo*. Nafasi tatu za Goffman zinatawanyika tena: mwenye dai bado ni mwanamke, lakini mtunzi sasa ni karani, na akisimama kuthibitisha madai yake mwanamke atajikuta akitamka maneno ambayo hakuyatunga. Kwa baadhi yao huo ni msaada mkubwa, maana aibu ya kutaja imebebwa na lugha ya ofisi. Kwa wengine jambo walilokuja kulisema limebaki mezani kwa karani, na hawana namna ya kulirudisha.

Mwanaisimu anayeingia katika chumba cha majalada ili kuchunguza usemi wa wanawake anapaswa kuanza hapo. Maneno ya wazi atakayoyahesabu katika hati za madai huenda yakawa ya karani, ambaye hata kama ni mwanamume atahesabiwa katika jedwali kama sauti ya kike, na mafumbo yaliyomfikisha mdai mezani hayakuandikwa na yeyote. Njia ya pekee ya kuyapata ni kukaa kwenye benchi la nje asubuhi, kwa ruhusa ya wanaohusika, na kusikiliza kinachosemwa kabla jina halijaitwa.